Kwa Nini Muuza Chang'aa Asigeuzwe Muuza Mboga

Swali: "Mwalimu, hujambo? Nina miaka 29, nina kibanda cha M-Pesa hapa Umoja, na kwa miaka minne nimeandika riwaya ya Kiswahili kati ya mteja mmoja na mwingine. Mchapishaji mmoja wa Nairobi ameipenda, ila ana masharti. Mama wa mhusika mkuu anauza chang'aa, pombe ya magendo. Anataka awe muuza mboga. Polisi watolewe. Kurasa 310 zipungue hadi 180, ili mswada uweze kupelekwa kutathminiwa kwa ajili ya shule. Rafiki zangu wengine wanasema nikubali. Wengine wanasema soko la siku hizi ni la kuua vipawa, na kwamba hata Shakespeare angezaliwa Umoja asingechapishwa. Nimekutumia sura ya tatu. Wewe umeishi na miswada maisha yako yote. Soko linasaidia kipawa au linakizuia?"

Jibu:

Mwanangu, sijambo, na ahsante kwa sura ya tatu. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kwenye matatu nikapita steji yangu. Nitairudia mwishoni. Kwanza niseme neno kuhusu Shakespeare, maana rafiki zako wamemtaja mahali pasipofaa.

Mtu yule aliishi kwa soko. Tangu 1594 alikuwa na hisa katika kundi la waigizaji, na jumba la Globe lilipojengwa 1599 alikuwa mmoja wa wenye mali. Mtu wa kawaida aliingia kwa peni moja, akasimama uwanjani kwenye jua na mvua. Watazamaji wakipungua, pengo lilikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Kwa hiyo alijifunza kumchekesha mchuuzi na kumliza bwana mkubwa katika mchezo mmoja, na sidhani angejifunza hivyo kama angekuwa analishwa na mfalme peke yake.

Lakini hadithi ina nusu ya pili. Alipofariki mwaka 1616, karibu nusu ya tamthilia zake hazikuwa zimepigwa chapa. Soko lilikwisha kuzilipia jukwaani, halikuwa na haja nazo tena. Waliozikusanya ni waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, wakatoa kitabu kimoja kikubwa mwaka 1623 chenye tamthilia 36. Miongoni mwa zile ambazo hazikuwa zimechapwa kabla ya hapo ni ile ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere alitufasiria kwa Kiswahili mwaka 1963. Wale wawili wasingejisumbua, Nyerere asingekuwa na cha kufasiri.

Sasa njoo kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Hakuwa na mchapishaji, hakuwa na duka la vitabu. Alikuwa na mji: watawala wa Kimazrui waliopenda mashairi yake yawachome maadui zao, na wasikilizaji walioyakariri. Hiyo ndiyo enzi ambayo watu huitamani wanaposema kwamba zamani kipawa hakikuuzwa. Je, mashairi yake yalitufikiaje? Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizunguka kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika, akamweleza maana mmisionari W. E. Taylor. Karatasi zile zikasafiri hadi Uingereza, kisha William Hichens akazihariri, na diwani ikatoka Johannesburg mwaka 1940. Hesabu mwenyewe. Miaka 100 kamili ushairi mkubwa kuliko wote wa Mvita, yaani Mombasa, ulining'inia kwenye kumbukumbu za watu na kwenye makaratasi ya mtu mmoja au wawili. Yaliyopotea hatuna hata njia ya kuyakadiria.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolilaani soko kwa jumla, wala na wanaoliabudu. Soko hulipa. Kusoma si kazi yake. Anayesoma, akatambua kwamba hapa pana kitu, kisha akajitia hasara au hatarini kwa ajili yake, ni mtu, tena kwa kawaida ni mmoja. Swali ninalojiuliza kila ninapotazama biashara yetu ya vitabu ni hili: mtu huyo amebakishiwa nafasi gani ya kufanya kazi yake?

Hapa Nairobi nafasi hiyo ni finyu, na sababu yake si uchoyo wa wachapishaji. Ingia duka lolote kubwa la vitabu mjini wiki ya kwanza ya Januari. Utakuta mama ameshika orodha ya shule, kalamu mkononi, anapiga tiki. Baba nyuma yake anajumlisha kwenye simu. Foleni inafika mlangoni. Sasa nenda rafu ya riwaya za Kiswahili. Zile zinazotahiniwa zimerundikwa kama matofali, muhuri wa bei bado mbichi. Zile nyingine ziko mbilimbili, migongo imepauka kwa jua la dirishani, na ukichomoa moja, ya jirani inaanguka. Humo ndani mna kazi ninazoziheshimu kuliko nyingi zilizo kwenye rundo.

Nikufanyie hesabu ya mfano, maana wewe ni mtu wa hesabu. Kitabu kiuzwe shilingi 600 na wewe upate mrabaha wa asilimia 10, yaani shilingi 60. Riwaya isiyo ya shule ikiuza nakala 1,000 imefanya vizuri, nayo inaweza kuchukua miaka mitatu kufika hapo: shilingi 60,000 kwa kazi yako ya miaka minne. Sasa kumbuka kwamba mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walizidi 900,000, na karibu wote walijibu Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, kwa vitabu vilevile vilivyoteuliwa. Hata tukitoa wanaoazimana, wanaopiga fotokopi, na wanaouziwa nakala haramu kule River Road, riwaya iliyoteuliwa ikiuza nakala 200,000 tu, mrabaha wako ni shilingi milioni 12. Juu ya yote, tangu 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16, kwa hiyo msomaji aliyekuwa akisita dukani amepewa sababu nyingine ya kurudisha kitabu kwenye rafu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyo kichwani mwa mchapishaji wako anapokuomba mboga. Si mtu mbaya. Ana mishahara ya kulipa na deni la karatasi kwa mpiga chapa. Na shule nazo zimefanya mema makubwa ambayo hatuna budi kuyakiri: Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka 1996, na kwa kusomwa darasani iliingia katika nyumba ambazo hazikuwa na kitabu kingine isipokuwa Biblia au Kurani. Wapo watu wazima leo wanaokumbuka sentensi zake. Duka peke yake lisingempa Walibora wasomaji wale.

Kinachoniuma ni kwamba mnunuzi amekuwa mmoja. Soko lenye wanunuzi wengi huacha mianya. Usiponipenda wewe, yuko mwingine. Pakiwa na mnunuzi mmoja, kila anayeandika hugeuza uso upande wake kabla hata hajaitwa. Nimeiona hali hii ikikua mbele ya macho yangu. Miswada ilianza kuja ikiwa imepangwa tayari kwa mtihani. Ukurasa wa tano, mwalimu mwenye busara anatoa hotuba. Ukurasa wa kumi, methali tatu mfululizo ili pawepo mbinu za lugha. Ufisadi hapa, ukeketaji pale, mazingira kidogo, kila moja likiwa na sura yake kama mafungu ya nyanya sokoni, ili swali la "Jadili maudhui ya..." lipate majibu kumi. Mwandishi mmoja kijana aliniambia bila kuona haya yoyote kwamba ametia mbinu rejeshi, yaani kurudisha kisa nyuma, katika sura ya nne kwa kuwa hakuwa ameiweka popote. Hakuwa mtu asiyejua kuandika. Sura yake ya kwanza, aliyoiandika kabla ya kufikiria shule, ilikuwa na moto.

Niruhusu nikueleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu nisingependa ulirudie upande wa pili wa meza.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhariri mchanga katika shirika ambalo sitalitaja, alikuja mzee mmoja kutoka pwani. Alisafiri kwa basi la usiku, akafika saa moja asubuhi, akaketi mapokezi na bahasha ya kaki magotini mpaka nilipoingia. Ndani mlikuwa na utenzi mrefu ulioandikwa kwa mkono, wino wa buluu kwenye karatasi za mistari, vina vimesimama kwa safu kama mikoko. Ulihusu kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari, na nyumba saba zilizokitegemea. Nilisoma beti kama arobaini palepale mbele yake, na nilijua. Hilo ndilo ninalotaka uelewe: nilijua. Nikamwambia, "Mzee, kazi ni nzuri sana, lakini tenzi hazinunuliwi. Shule za msingi zinataka hadithi fupi za watoto. Ukituandikia hizo tutazitoa." Akasema, "Haya, mwanangu." Akakunja bahasha, akaenda.

Miezi sita baadaye akarudi na hadithi tatu za watoto. Zilikuwa safi, tukazichapa. Ziliuzwa, akaandika nyingine, zikauzwa pia. Kwa mrabaha ule alisomesha watoto wawili na akaezeka nyumba mabati, na kila mwaka alinipigia simu kunishukuru kwa moyo wake wote. Siku moja, nikiwa nimepata cheo na sauti kidogo ofisini, nikamwuliza, "Na ule utenzi wa kisima, mzee?" Akanyamaza kidogo. "Ule? Ule niliuacha. Sikuumalizia." Nikamwambia aulete hivyohivyo ulivyo. Akasema ameutafuta na hauoni, na kwamba hata angeuona, mkono wake umezoea sentensi fupi.

Watu hudhani kipawa hufa kwa njaa. Huyu alishiba. Mimi ndiye niliyekuwa yule mtu mmoja anayesoma, nikajifanya soko.

Sasa nikupe mifano ya waliokuwa na roho kuliko mimi, kwani wapo, na mji wenyewe ni huu huu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Aliandika mashairi gerezani kwenye karatasi za chooni. Alipotoka, Oxford University Press ya hapa Nairobi ikayachapa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Hayo hayakujiendea yenyewe. Mtu alikaa mezani akasema: tutakitoa.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya ya Kigĩkũyũ katika gereza la Kamiti mwaka 1978, vilevile kwenye karatasi za chooni. Mchapishaji Henry Chakava akaichapa mwaka 1980. Alitishwa, akashambuliwa, na hakuacha. Nakala 5,000 za kwanza zilikwisha upesi, zikachapwa nyingine, na Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi kitabu kilivyosomwa kwa sauti katika mabaa, mmoja akisoma na wengine wakimnunulia kinywaji ili asinyamaze. Ona basi: soko lilikuwapo, tena kubwa, ila hakuna aliyeliona kabla ya mtu mmoja kuthubutu. Na kampuni ya Chakava, kama wachapishaji wengine wote wa mji huu, ilikula kwa vitabu vya shule. Hesabu za darasa la tatu zikiuzwa vizuri, mchapishaji mwenye moyo anaweza kubeba kitabu kisichojilipia. Pesa ni zilezile. Tofauti ni kama anaziona kuwa leseni ya kujaribu au kuwa sababu ya kutojaribu kitu.

Kuhusu mboga yako, kumbuka pia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilichapwa 1971 na East African Literature Bureau, ambayo makao yake yalikuwa hapa Nairobi. Ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya ilivyosema wazi juu ya msichana na wanaume waliomzunguka. Baadaye ikaja kusomwa na kutahiniwa katika shule zizo hizo. Kezilahabi angemgeuza Rosa akawa msichana wa kuigwa mwaka 1971, shule zisingekuwa na kitabu cha kurudia. Na alipoandika Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba na vigumu ambavyo hakuna mfanyabiashara angevitamani, vilitoka Dar es Salaam University Press mwaka 1990 na 1991. Chuo kikuu kilikuwa na nafasi ya kupoteza, na kilichopatikana ni kazi ambazo wahakiki hawajamaliza kuzifungua hadi leo.

Umeniuliza habari za siku hizi, kwa hiyo nisipite bila kugusa simu. Wapo vijana wanaouza hadithi kwa sehemu kwenye WhatsApp, msomaji anatuma shilingi 20 au 50 kwa M-Pesa ndipo anapata sehemu inayofuata. Wewe unalijua jambo hili kuliko mimi, pengine umewatolea wateja pesa hizo mkononi. Nalipenda kwa kuwa limemrudisha mnunuzi wa pili, wa tatu, wa elfu. Hata Dickens, yule mwandishi wa Uingereza, aliuza riwaya yake ya kwanza kwa sehemu, kila mwezi kwa shilingi moja ya Kiingereza, kuanzia mwaka 1836. Ila uwe macho: anayelipwa kwa kila kipande hujifunza haraka kumaliza kila kipande kwa mtu ameelekezewa bunduki, na sura yako ya tatu haiendi hivyo. Inakwenda polepole, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Jaribu hadithi nyingine huko. Hii iache ikamilike kwanza.

Basi tuitazame hiyo sura. Mtoto yuko chini ya kitanda. Nje mvua imekatika, njia ni tope. Mama anasikia buti, anasimama, na kabla mlango haujabishwa anatoa vikombe vitatu vya bati na kuvipanga mezani. Wanaingia polisi watatu. Wanakunywa kwanza, halafu ndipo wanapouliza, "Biashara vipi?" Mtoto anaona buti tu, na tope likidondoka kwenye mkeka ambao mama ameufua mchana ule.

Vikombe vile vitatu, mwanangu, ndivyo vinavyonifanya niandike barua ndefu hivi. Hukutuambia kwamba mama anaogopa, wala kwamba polisi ni wala rushwa, wala kwamba jambo hili limetokea mara nyingi. Ulimpa mwanamke masikio yanayoweza kuhesabu buti gizani. Sasa mgeuze awe muuza mboga, uone kinachobaki. Muuza mboga hana haja ya kuhesabu buti. Polisi hawana cha kunywa kwake. Mtoto hana sababu ya kulala chini ya kitanda. Ukibadilisha bidhaa moja tu, riwaya nzima inaanguka, kwa sababu wewe hukuipamba hadithi kwa chang'aa. Hadithi imeota humo. Mchapishaji wako hajaliona hilo kwa sababu amesoma akiwa amevaa macho ya jopo linaloteua vitabu vya shule. Mweleze kwa upole, mwoneshe ukurasa huo wa vikombe, na umwombe akujibu kama msomaji kwanza. Wachapishaji wengi waliingia kazi hii kwa kupenda kusoma, na ukiwagusa pale wanakumbuka.

Kuhusu kurasa, yeye ndiye mwenye haki na si wewe. Kurasa 310 ni nyingi kwa hadithi hii. Katika sura hii peke yake, kurasa nne za mwanzo ni mapambazuko ya Umoja, mawingu, kunguru, na mifano mitatu ya mawingu yaleyale. Zote ziende. Anza pale mama anaposikia buti. Ukiipunguza hivyo kote, utafika kama 220 bila kumgusa mtu yeyote ndani ya riwaya, na ukifika hapo usiteremke zaidi kwa ajili ya idadi.

Akikataa katakata, usimwachie mswada kwa hasira wala kwa unyonge, uondoe. Ipo Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 ikijulikana kama Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa, na kazi kadhaa zilizoshinda zimetolewa na Mkuki na Nyota kule Dar. Unaweza pia kujichapia nakala 300 na kuziuza mwenyewe. David Maillu alijichapia vitabu hapa Nairobi miaka ya 1970, vikanunuliwa mitaani huku wasomi wakivibeza. Ni kazi ngumu, na kibanda cha M-Pesa kina saa zake, lakini inawezekana.

Akikubali, soma mkataba kabla ya kalamu. Usiuze hakimiliki kwa malipo ya mara moja, hata ukiwa na kodi ya nyumba ya kulipa wiki hiyo. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako; mpe mchapishaji ruhusa ya kuchapa kwa muda uliotajwa, na iandikwe wazi kwamba kitabu kikikosekana madukani kwa miaka miwili bila kuchapwa tena, haki inarudi kwako. Uliza mrabaha unahesabiwa kwa bei ya dukani au kwa kinachomfikia yeye baada ya punguzo, maana tofauti ni kubwa. Uliza hesabu utaletewa mwezi gani.

Nimebaki na jambo moja. Mwisho kabisa wa sura, baada ya polisi kuondoka, mama anafuta meza, anakaa, kisha anainuka tena na kutoa vikombe vinne. Mtoto anasikiliza na hasikii buti lolote. Sura inaishia hapo. Nitumie ya nne hata kama bado ina mawingu, nataka kujua kile cha nne ni cha nani.